Boksi la Singo

Kwanza ijue kazi yangu, maana usipoijua hutaelewa kwa nini niliona aibu kiasi kile. Mimi hutengeneza singo. Kama wewe si mtu wa pwani, singo ni unga wa kusugulia mwili wa biharusi: mawaridi yaliyokaushwa, mchele uliorowekwa ukasagwa, liwa, karafuu, na vikorokoro vingine ambavyo sikutajii hata ukinipigia magoti. Pamoja na singo napika udi. Kazi naifanyia chumba cha nyuma, katika nyumba yetu ya Mji wa Kale, kwa kinu alichoniachia mama yangu, na wateja wangu ni wanawake watupu.

Na kitu changu hakitoki nje wazi wazi. Singo naitia katika chupa ya jemu iliyooshwa ikakauka, chupa naifunga ndani ya leso, wengine mnaiita kanga, leso inaingia chini ya buibui la mwenye kuichukua, basi. Hata akikutana na baba mkwe wake kichochoroni, mzee wa watu ataona pana kitu kimetuna na atatazama upande mwingine. Ndivyo tulivyolelewa. Biharusi nikimweleza jinsi ya kutumia, namweleza sikioni, mlango umefungwa, na hata mamake mzazi namtoa nje kwanza, kwa sababu mama na binti nao wanaoneana haya. Mimi ni mwanamke wa maneno, majirani watakwambia, lakini hayo sijapata kuyasema mbele ya mwanamume, na marehemu mume wangu mwenyewe hakuyasikia kinywani mwangu.

Sasa huyo marehemu aliniachia mtoto mmoja wa kiume, hajaanza hata shule. Sikuwa na wa kumwachia, kwa hiyo alikulia mle mle chumba cha nyuma, kati ya kinu na jiko la makaa. Mteja akiingia namwambia, "Geukia ukutani, baba." Anageuka na kipande chake cha makaa, anachora ukutani mpaka mteja aende zake. Ukuta ule niliupaka chokaa mara ngapi sijui, na kila ukikauka umejaa tena mashua, paka na masufuria. Nilidhani mtoto akigeuka ukutani na masikio yake yamegeuka. Ujinga gani huo, jamani!

Alipomaliza shule akasema anataka kusomea ubunifu wa michoro chuoni. Shemeji yangu, ndugu wa marehemu, mwenye malori huko Shimanzi, akaja juu. "Kuchora? Kuchora nako ni kazi?" Nikamjibu, "Kwani hayo maandishi yaliyo mlangoni mwa malori yako yalijichora yenyewe?" Alicheka, nami nikajua nimempata. Akakubali, ila kwa sharti moja: kijana asome, lakini akianguka katika mtihani wa mwisho aache kuchora, aende Shimanzi kusimamia makontena kama wenzake wa ukoo. Nikasema sawa. Nilikuwa na hakika mwanangu haanguki.

Mtihani wenyewe haukuwa wa kuandika. Kila mwanafunzi alitakiwa kuchukua kitu kimoja cha kwao, kitu cha mila za watu wake, akitengenezee boksi au pakiti ambayo mtu asiyekijua akiishika tu ataelewa ni nini na kinatumiwaje. Niliposikia hivyo nikamwambia mwanangu, "Fanya achari ya maembe. Ina rangi, inapendeza, na kila mtu anakula." Akatabasamu tu. Siku chache baadaye akaniomba chupa moja ya singo. Mimi, masikini wa Mungu, nikadhani anataka kupima kimo cha chupa. Nikampa, nikamwambia chupa irudi maana nazikusanya kwa shida.

Hakuniuliza swali hata moja kuhusu singo. Hilo peke yake lingenishtua, lakini nilikuwa na kazi ya harusi nyingi na sikushtuka.

Siku ya maonyesho ilipofika, shemeji alitupakia garini, mimi na adabu zangu zote, tukaenda Kizingo kwenye ukumbi ambao chuo kilikuwa kimeuazima. Huko ni kimya, miti mikubwa, magari yameegeshwa mstari mmoja kama yamepangwa na rula. Nilivaa buibui jipya, nikajifukiza udi wangu mwenyewe, ule mzuri ninaowawekea watu. Njia nzima nilikuwa nikimsifu mwanangu. Shemeji akasema, "Tutaona." Nikamwambia, "Utaona mpaka uchoke."

Ukumbi ulijaa. Kila mwanafunzi alikuwa na meza yake na nyuma ya meza pana ubao. Niliona asali ya Wakamba ndani ya kibuyu cha kadibodi, nikaona majani ya chai, nikaona mabuyu mekundu katika pakiti yenye mlango wa nakshi uliochorwa. Juu ya kila meza palikuwa na boksi lililofungwa, na ubaoni palitandazwa boksi jingine kama hilo, limekunjuliwa lote, ili walimu waone lilivyokatwa na kuchorwa. Sharti hilo la kutandaza mimi sikulijua. Niliona tu kila kitu kimefunuliwa kama nguo zilizoanikwa.

Meza ya mwanangu ilikuwa ya mwisho, karibu na dirisha. Kwa mbali niliona pindo la leso limechorwa kuzunguka ubao, jekundu na jeusi, na asumini nyeupe katikati, nikasema moyoni mashallah. Nikasogea. Ndipo nikaviona vipicha.

Vilipangwa kwa mstari, kama vile vya kwenye mkebe wa maziwa ya mtoto, vinavyokuonyesha chemsha maji, tia unga, koroga. Ila hapa palikuwa na mwanamke mgongo wazi, na mkono unamsugua. Kingine, mwanamke amejifunga leso kifuani, anajisinga paja. Na cha mwisho, Yarabi toba, mwanamke amesimama juu ya chetezo, leso imemzunguka kama hema, na moshi wa udi unapanda huko unakopanda. Hakuwa na uso, ni mistari tu, mistari mizuri hata. Lakini chini kabisa yalikuwa maneno, kwa herufi ambazo hata asiyevaa miwani angezisoma: Kazi ya mikono ya mama yangu, Mji wa Kale.

Shemeji alikuwa bega kwa bega na mimi. Alikohoa kikohozi kimoja kikavu, akaipenda ghafla meza ya majani ya chai, akaenda huko na hakurudi. Nilibaki pale peke yangu. Pembeni wanaume wawili, wazazi wa watoto wengine, walikuwa wamesimama na vikombe vyao wakitazama ubao ule kwa makini, wanaelewa au hawaelewi sijui, na mimi nilijiona nimesimama uchi katikati ya ukumbi wa watu. Nilitamani ardhi ipasuke nizame. Maisha yangu yote nimefunga mlango, na mtoto wangu mwenyewe ameuvunja, akautundika ubaoni.

Yeye alinijia mbio, anacheka mpaka jino la mwisho. "Shikamoo Mama! Umeona?"

"Toa," nikamwambia, meno yamebana.

"Nini, Mama?"

"Toa hiyo, sasa hivi. Mimi ndiye niliyekulea bila haya? Ee? Mbele ya ami yako!"

Kicheko kilimtoka usoni. "Mama, si hivyo. Hapa limetandazwa tu. Likikunjwa, zile—"

"Usinikunjie wala usinikunjulie! Toa. Na hayo maneno ya mama yako yatoe. Mtu akikuuliza, mimi hunijui."

Akatazama nyuma yake. Walimu wa kusahihisha, mwanamume na mwanamke, walikuwa wameshafika meza ya jirani. Akanong'ona, "Mama, nisipokuwa na kitu ubaoni nitaanguka."

Nami nikasema, na haya ndiyo maneno ninayolala nayo na kuamka nayo: "Bora uanguke wewe kuliko niadhirike mimi."

Hakubisha. Mwanangu hajapata kunibishia. Alibandua lile karatasi taratibu, kona moja baada ya nyingine, asilichane, akalikunja akalitia chini ya meza. Yale maneno yaliyonitaja mimi, kazi ya mikono ya mama yangu, yalikuwa kwenye kipande chake cha peke yake. Alikibandua mwisho, akakitia mfukoni. Ubao ukabaki mtupu na alama za gundi. Mezani likabaki lile boksi moja lililofungwa.

Walimu wakafika. Yule wa kiume akatazama ubao, akamtazama mwanangu. "Kazi yako iko wapi?"

"Ni hili boksi, mwalimu."

"Ubaoni je?"

"Sina, mwalimu."

Yule mwalimu wa kike, mtu wa bara, sauti yake ya upole, akalishika boksi. "Ndani mna nini?"

"Vitu vya harufu. Vya nyumbani."

"Vinatumiwaje?"

"Vinanukia tu, mwalimu."

"Nani anavitengeneza?"

Mimi nilikuwa nimesimama pale pale, nimeushika mkoba wangu kwa mikono miwili. Mwanangu hakunitazama. "Sijui, mwalimu. Nilinunua mtaani."

Mwalimu akanusa hewani. Buibui langu lilikuwa linanukia vile vile kama boksi, kipofu angejua. Akanigeukia, akauliza taratibu, "Na huyu mama?"

"Mgeni," mwanangu akasema. "Amekuja kutazama."

Kwa nini sikusema? Hilo ndilo ninalojiuliza. Hakuna aliyenishika ulimi. Neno lenyewe lilikuwa jepesi: ni mwanangu, na vitu ni vyangu. Lakini nikisema ni vyangu wataniuliza vya nini, na yule mwalimu wa kiume alikuwa na kalamu mkononi, anangoja. Nikainamisha kichwa kidogo kama mgeni anavyoitikia. Nikamsikia yule wa kiume akisema kijana haijui bidhaa yake mwenyewe, na mtu asiyejua bidhaa hawezi kuitengenezea boksi. Mwanangu akaitikia, "Ndiyo, mwalimu." Wakaandika, wakaenda.

Mwanangu, asiyeijua singo! Aliyelala juu ya magunia ya mawaridi akiwa mchanga! Hapo damu ikanichemka, lakini ikanichemka nimechelewa. Niliwafuata walimu mpaka barazani, nikaomba Mungu nimkute yule wa kike peke yake, nimvute kando, nimweleze mwanamke kwa mwanamke. Nilimkuta yumo kati ya wanaume watatu wanakunywa chai. Wote wakanigeukia. "Karibu, mama," akasema. Nikafungua kinywa. Mimi mwenye maneno, mimi ninayegombana na wauzaji wa Marikiti mpaka wanifungie bure nyongeza, nikasema, "Asanteni kwa kazi nzuri." Nikarudi ndani.

Kurudi nyumbani shemeji alizungumza habari za foleni ya malori bandarini tangu Kizingo mpaka Makadara, hakupumua. Nilimshukuru kwa hilo. Mwanangu alikaa kiti cha nyuma, boksi mapajani, akiitikia ami yake pale palipohitaji kuitikiwa.

Alianguka, bila shaka. Chuo kilimpa nafasi ya kurudia, mradi achague kitu kingine anachokijua. Shemeji naye akashika neno lake: mchana kijana awe Shimanzi, akitaka kurudia arudie jioni. Kwa hiyo mwanangu anatoka asubuhi na fulana ya kung'aa, anarudi na vumbi la godauni kichwani, anaoga, anakaa na kompyuta yake. Kitu alichochagua ni chumvi. Chumvi ya mezani! Nilimuuliza, "Chumvi ni mila ya nani?" Akasema, "Ya kila mtu, Mama. Haina neno." Wakampitisha. Walimu walisema ni safi, ila Shimanzi hakuacha kwenda.

Lile boksi la singo lilikuwa limewekwa juu ya kabati. Asubuhi moja, mwanangu ameshaenda kazini, nikalichukua nilitie jikoni pamoja na makaa, nisilione tena. Lilikuwa limefungwa. Nikaligeuza huku na huku, na kwa mara ya kwanza nikalitazama lenyewe, si lile lililotandazwa. Nje hapakuwa na kitu ila leso. Pindo, maua, basi. Hapakuwa na neno wala mtu. Lilikuwa limefungwa kwa ukanda wa kitambaa, fundo lile lile ninalolifunga mimi kwenye chupa zangu. Nikalifungua. Ndani pana kifuniko cha pili, cheupe, chenye asumini, na pembeni yake maandishi madogo sana, lazima uyasogeze machoni: Mlango umefungwa? Ndipo ufungue.

Nikakaa chini. Nikafungua kile kifuniko, nikaitoa chupa yangu ya jemu, imo humo humo na singo yake. Vile vipicha vilikuwa chini kabisa, sakafuni mwa boksi, mahali chupa ilipokaa. Mpaka uwe umelifungua fundo, umefunga mlango wako, umetoa chupa, uko peke yako, ndipo unaviona. Mwanamume akilikuta mezani ataona leso tu. Mwanangu hakufichua kitu. Alinifungia siri yangu vizuri kuliko ninavyoifunga mimi, na lililoianika ni lile sharti lao la kutandaza, na mimi niliyepiga kelele kabla sijamwacha amalize sentensi. Nililia pale chini kama mtoto, jiko limewaka bure.

Jioni aliporudi nilimngoja amalize kula. "Nimelifungua lile boksi," nikamwambia.

"Lichome tu, Mama. Linajaza nafasi."

"Nimeona ulivyolifanya."

"Basi, Mama. Yamekwisha."

Nilitaka kumwambia nimekosa, mwanangu, nisamehe. Mbele yangu hapakuwa na shemeji wala mwalimu, palikuwa na mtoto wangu na sahani. Na bado ulimi ulikuwa mzito. Sisi hatukufundishwa kumwomba radhi mtu uliyemzaa. Tulifundishwa kumwongezea wali. Nikamwambia, "Nikutie tena?" Akasema ameshiba, akanishukuru, akaichukua sahani yake akaiosha mwenyewe.

Hana uchungu nami, hilo nalijua. Angekuwa ananinunia ningemgombeza, tungepigizana kelele, tukapatana. Anasalimu, anabusu mkono wangu, ananiletea mkate wa mofa akipita Makadara. Ila chumba cha nyuma haingii tena. Alichoingia tangu hajui kutembea, sasa akitaka mkasi wake uliomo humo ananiomba nimletee. Na mlango wa nyumba, ambao tangu utoto wake alikuwa akiusukuma kwa bega huku akiita Mama kuna nini cha kula, siku hizi anasimama nje anabisha hodi.

Juma lililopita alikuja msichana na mamake kuchukua singo. Nilimweleza sikioni kama kawaida, mamake nje, akafunga leso yake, wakaenda zao. Nikabaki napepeta mawaridi. Jua lilikuwa limeshageuka niliposikia sauti barazani, ya adabu, kama ya mtu wa kuja. "Hodi."

"Ingia, baba," nikasema.

"Nitangoja tu hapa, Mama," akajibu kutoka nje. "Wageni wako wakitoka nitaingia."

Nikamwambia sina wageni. Akasema hapana neno, atangoja, na mimi nilikuwa peke yangu humo ndani tangu adhuhuri.